Nilivyosajiliwa Mrithi wa Pembe

Miezi sita ya kwanza nilichoma sabuni. Kila asubuhi, kwenye meza ya kliniki ndogo pale Mirongo, daktari Mchina aliniwekea mche wa sabuni ya kufulia, ile ya bluu, akanipa sindano nyembamba kama unywele, akasema, "Choma." Hakuwa na Kiswahili kingi wakati huo. Alikuwa na "choma", "polepole", "bado" na "tena". Nilichoma hadi sabuni ikajaa matundu, jioni nikaifulia mashuka ya kliniki, na kesho yake nikakuta mche mwingine unanisubiri. Mwezi wa saba alikunja mguu wa suruali yake, akanionyesha goti lake mwenyewe, akasema, "Sasa hapa."

Nilikuwa nimeajiriwa kufagia. Nalisema mwenyewe mapema, kwa sababu baadaye watu wenye mihuri walilirudia neno hilo mbele yangu kana kwamba kufagia ni ugonjwa unaoambukiza kila kitu mtu atakachokishika maisha yake yote. Kutoka kwenye ufagio nilihamia kwenye ukalimani. Wagonjwa wengi walikuwa wazee waliotoka vijijini, na mzee wa Kisukuma hawezi kukueleza mgongo wake kwa Kiswahili. Atakuambia "unauma", basi. Kwa lugha yake atakuambia maumivu yanaamkia wapi, yanatembea kuelekea wapi, yanalala saa ngapi. Nilikuwa nayapokea maelezo hayo kwa Kisukuma, namwonyesha daktari kwa vidole juu ya mwili wangu mwenyewe, na yeye ananionyesha sindano inaingia wapi. Hivyo ndivyo nilivyosoma. Nilisoma miaka kumi na mmoja, na sijui chuo gani hapa nchini kinachomweka mwanafunzi miaka kumi na mmoja bila likizo.

Daktari alizeeka. Kifua kikaanza kumsumbua, watoto wake wakamwita kwao. Siku ya kuondoka aliniachia sindano zilizobaki kwenye makasha, vikombe vya kioo vya kuvuta damu, picha ya mwili wa mtu yenye nukta nyeusi kuanzia utosini hadi kwenye kisigino, na barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa kwa herufi zao na kugongwa muhuri mwekundu. Nilimuuliza barua inasema nini. Alifikiri sana, kwa sababu Kiswahili chake hakikuwa kimeongezeka sana, halafu akasema, "Mkono mzuri."

Nilipanga chumba Mkuyuni, kati ya fundi cherehani na duka la mabomba. Nilikuwa na kitanda kimoja, pazia, beseni, na jagi la kuchemshia maji. Walikuja wanawake wa sokoni wenye viuno vilivyochoka kubeba. Walikuja wapara samaki wenye vidole visivyokunjika. Alikuja mwalimu mstaafu aliyepooza upande wa uso, na mwezi wa tatu akaniimbia ubeti mzima wa wimbo wa shule ili nione mdomo umerudi mahali pake. Sikuwa tajiri wala sikuwa maarufu, lakini nilikuwa nalala nikijua kesho nitafanya nini.

Kosa langu lilikuwa kibao. Nilimlipa mchoraji aniandikie "TIBA YA SINDANO NA VIKOMBE", nikakitundika juu ya mlango nikijiona na mimi nimekuwa mtu. Hatua hamsini kutoka kwangu palikuwa na jamaa anauza dawa ya kurudisha mpenzi, dawa ya mtihani na dawa ya nguvu za kiume, zote kutoka chupa moja, bila kibao chochote, na mpaka leo hakuna aliyemuuliza kitu. Mimi niliyejiandika kwa herufi kubwa ndiye niliyepata wageni.

Aliyekuja alikuwa mratibu wa tiba asili na tiba mbadala, yaani mtu ambaye kazi yake ni kujua nani anatibu watu nje ya hospitali, na kwa kibali gani. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi. Aliniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, nikampa kiti. Sina la kumlaumu kwa adabu. Alinieleza kwa upole kwamba sindano za Kichina, kwa sheria yetu, zinahesabiwa tiba mbadala, na anayetoa tiba mbadala lazima awe na cheti cha chuo kinachotambulika, alikosoma, akafanyiwa mtihani, akafaulu.

Nilimpa barua ya daktari. Aliishika, akaigeuza, akaigeuza tena. Nina hakika kwa muda mrefu aliishika kichwa chini, na sikumsahihisha, kwa sababu hata mimi sikuwa na uhakika.

"Mama, hii inabidi itafsiriwe na mtu anayetambulika. Halafu tuone jina la chuo."

"Hakuna jina la chuo humo. Ni mwalimu wangu ndiye ameandika."

"Alikuwa anafundisha chuo gani?"

"Alikuwa ananifundisha mimi."

Alicheka kidogo, bila ubaya. "Mwalimu si chuo, mama yangu."

Aliniambia nishushe kibao na nisiguse mgonjwa hadi niwe na usajili. Nilishusha mbele yake, nimepanda kwenye stuli ya fundi cherehani, na wateja wa fundi wananitazama. Nadhani alinionea huruma, maana alipofika mlangoni alirudi, akaketi tena, akanifungulia kitu ambacho natamani hadi leo angekwenda nacho.

"Kuna njia nyingine," alisema. "Usipite kwenye tiba mbadala. Pita kwenye tiba asili. Huko hawakuulizi darasa. Waganga wetu wa asili hawakusoma vyuoni, sheria inalijua hilo, kwa hiyo imewasamehe vyeti. Inachouliza ni asili yako. Umerithi kwa nani, na kijiji chenu kinakutambua? Mtendaji wa kijiji anasaini, mzee wa familia anatoa ushahidi, basi. Kwenu hakukuwa na mganga?"

Niliipima hesabu hiyo kichwani. Miaka kumi na mmoja ya kuchoma haikutosha kitu. Bibi mmoja, marehemu, angetosha. Mtu akinieleza mantiki ya jambo hili nitamsikiliza, lakini asitegemee nitamwelewa.

Bibi nilikuwa naye. Bibi yangu mzaa mama, kijijini kwetu ng'ambo ya ziwa, unakovuka kwa feri ya Kamanga, alikuwa mwumikaji. Alitumia pembe za ng'ombe zilizokatwa ncha. Anakuchanja kidogo mahali panapouma, anaweka pembe, ananyonya hewa kwa ile ncha, anaziba kwa nta, na damu mbaya inapanda ndani ya pembe. Alifariki kabla sijazaliwa. Mama yangu, aliyekuwa mtoto wake wa kike wa pekee, alibatizwa akiwa msichana, na pembe zilipomwangukia yeye kama urithi alizibeba hadi ziwani akazitupa.

Kisa hicho nilikijua kuliko sala. Mama alikitolea ushuhuda kanisani kila mwaka, wakati wa juma la uamsho: jinsi alivyozibeba pembe kwenye kikapu, jinsi zilivyozama, jinsi alivyorudi nyumbani mikono mitupu na moyo mwepesi. Watu walilia kila mwaka mahali palepale. Kwa sababu ya ushuhuda huo walimfanya mama wa kanisa, na wakamkabidhi kitambaa cha Meza ya Bwana. Alikifua peke yake, kwenye beseni lisilofuliwa kitu kingine, akakipiga pasi ya mkaa, na kila mwezi yeye ndiye aliyekitandika mezani kabla ya mkate na kikombe kuwekwa. Sisi watoto tulikatazwa hata kupumua karibu nacho.

Mtu huyo ndiye niliyepanda feri kwenda kumwomba anishuhudie kwamba nimerithi uganga.

Nilimkuta anapiga pasi kitambaa chenyewe. Ungefikiri nilipanga. Nilimsalimu, nikaketi kwenye mkeka, nikamweleza yote: mratibu, barua, chuo, njia ya pili. Hakuacha kupiga pasi.

"Wanataka niseme mama yangu alikuwa mganga," alisema.

"Wanataka useme aliumika watu. Si ni kweli?"

"Na kwamba wewe umechukua kutoka kwake."

"Ni karatasi tu, mayu."

Mayu ndiyo mama kwetu, na huwa tunalivuta tunapotaka kitu. Nililivuta. Nilimwambia pia kwamba sitatibu kwa pembe, sitagusa pembe, nitaendelea na sindano zangu zilezile ambazo yeye mwenyewe nilikuwa namchoma magotini kila nilipokwenda, karatasi itakaa ukutani tu kumfukuza mratibu. Niliamini hivyo. Ukitaka kujua ujinga wangu ulikuwa na ukubwa gani, ni huo: niliamini karatasi ya serikali inaweza kusema kitu kimoja, mtu akafanya kingine, na kanisa lisisikie chochote.

Mama alikikunja kitambaa mara nne, akakifunika. Akasema ataomba kwanza. Baada ya siku tatu alinipigia simu: "Njoo Jumatano. Mtendaji ana kikao."

Kikao kilikuwa kwenye ua wa ofisi ya kijiji. Kulikuwa na ajenda ya ng'ombe waliokula mpunga wa watu, na ajenda ya wanaoanika dagaa barabarani, na zote zilipigiwa kelele za kutosha. Yangu ilikuja mwisho. Mtendaji alisimama na fomu akasoma kwa sauti ya kutangaza matokeo: "Mwombaji amerithishwa tiba na nani? Amerithishwa kwa njia gani? Nani shahidi wa familia?"

Nilikuwa nimemfundisha mama njiani. Sema mama yako aliumika, sema mtoto amechukua mkono wake, kaa chini. Maneno yasizidi kumi. Nilikuwa najua tunakwenda kusema uongo mdogo, na kwa kuwa nilikuwa nimeushona mimi nilitaka uwe mfupi.

Mama alisimama. Alikuwa amevaa gauni la Jumapili. Mbele yake, kwenye benchi la kwanza, alikuwa ameketi mzee wa kanisa, mtu aliyebatizwa naye siku moja, amekuja kwa ajili ya mpunga wake ulioliwa.

"Pembe za mama yangu," alisema, "nimewaambia miaka yote nilizitupa ziwani. Nilitupa tatu. Zilikuwa nne."

Hata waliokuwa bado wanatetea ng'ombe wao waligeuka kumtazama.

Aliendelea bila kuharakisha. Akasema nilipokuwa na miaka minne nilishikwa na kifua, nikachomwa sindano zote za zahanati, homa ikakataa. Baba alikuwa shambani kwenye pamba. Mama alifunga mlango, akaitoa ile pembe ya nne kwenye paa alikokuwa ameificha, akaniumika mgongoni mwenyewe, kama alivyokuwa amemwona mama yake akifanya alipokuwa anamshikia nta. Akanifunga ushanga wa bibi mkononi. Akamwita bibi kwa jina lake, akamwambia, mwache huyu asife, mkono wake utafanya kazi yako. "Homa ikashuka kabla baba yake hajarudi. Kwa hiyo kama mnauliza amerithishwa kwa njia gani, ni hiyo. Nilimtoa mimi kwa bibi yake."

Akaketi.

Sikujua. Naapa sikujua lolote. Nilikuwa nimekwenda kuomba uongo nikapewa kweli ambayo sikuiomba, mbele ya watu, pamoja na ng'ombe na dagaa. Nilikasirika. Wengine wangelia, mimi nilikasirika hadi masikio yakawa ya moto. Maana watu walianza kupiga makofi. Mtendaji aligonga muhuri papo hapo, akisema ushahidi wa namna hii hajaupata tangu ahamie. Ile miche yote ya sabuni, yale magoti ya mwalimu wangu niliyoyatoboa hadi nikajua nyama na mshipa kwa kidole, havikuwahi kupigiwa kofi hata moja na mtu yeyote. Kumbe nilitakiwa tu kuwa nimeugua kifua.

Mzee wa kanisa hakupiga makofi. Alivaa kofia yake akaondoka, na mpunga wake haukuwa umeamuliwa.

Jumamosi walikuja wanawake wawili wa kanisa kuchukua kitambaa. Mama alikuwa ameshakifua. Aliwapa na beseni. Jumapili mchungaji alisoma jina lake, kwamba ametengwa na ushirika kwa kutumia uganga na kuuficha, na kwamba kutengwa si kufukuzwa, bali ni mlango wa toba. Tangu siku hiyo alihamia benchi la nyuma kabisa, wanakokaa wasichana waliopata mimba na walevi waliopigana, na ulipofika mwezi wa kula Meza ya Bwana alibaki ameketi wakati wenzake aliosali nao miaka hamsini wanapita mbele yake kwenda na kurudi. Haya nilisimuliwa. Sikuwepo. Nilikuwa mjini nasubiri karatasi.

Ilichukua miezi. Ilipofika nilipigiwa simu, nikaenda ofisini kwa mratibu nimevaa kitenge kipya. Aliniamkia, akanipongeza, akanipa. Kilikuwa cheti kizuri, kina nembo, kina picha yangu, kina jina langu lote bila kosa. Nilisoma nimesimama. Aina ya tiba: tiba asili. Huduma anazoruhusiwa kutoa: kuumika kwa pembe, na mitishamba ya urithi wa familia. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine wa herufi ndogo. Mwenye cheti hiki haruhusiwi kutumia vifaa vya tiba mbadala wala vya hospitali, zikiwemo sindano.

Nilisoma tena. Nikamwambia kuna kosa.

"Wapi, mama?"

"Hapa kwenye sindano."

Alichungulia. Alikuwa ameshangaa kwa dhati kwamba nimeshangaa. "Si ndicho ulichoomba? Fomu yako inasema kuumika. Kijiji kimeshuhudia kuumika. Au bibi yako alikuwa na sindano za Kichina?"

"Wewe ndiye uliyeniambia nipite huku."

"Nilikuambia usajiliwe, mama, na umesajiliwa. Kuumika unaweza kuanza hata kesho."

Sijawahi kuumika mtu kwa pembe. Sijui kuinyonya, sijui kuiziba. Nikiambiwa leo nimuumike mtu kwa pembe ya ng'ombe nitamuua. Lakini hicho ndicho ninachoruhusiwa, kwa muhuri, na hicho kimoja ambacho ningeweza kukifanya nimefumba macho ndicho kilichoandikwa kwa jina lake kwamba nisikiguse. Nilitaka kumtukana. Matusi ninayo, kwa lugha mbili. Halafu akasema, "Nikusaidie kuandika kibao kipya?" kwa ule upole wake, nikaona kwamba hanikejeli, kwamba kwake yeye kazi imekwisha vizuri, na nguvu za kutukana zikaniishia.

Nilitundika kibao kilichotakiwa: "MGANGA WA TIBA ASILI ALIYESAJILIWA". Wapara samaki walipita upande wa pili wa barabara. Wengi wao ni watu wa kanisa, na wale Waislamu nao wana mashehe wao wanaowaonya. Mwalimu mstaafu alisimama mlangoni, akasoma kibao, akanisalimia kwa huzuni kama mtu anayekuja msibani, akaenda zake. Badala yao wakaanza kuja wengine. Mmoja alitaka nimtazamie nani amemroga pikipiki isiwake. Dada mmoja alitaka mume wa mtu. Sheria inakataza ramli, nami nilikuwa nawaambia sheria inakataza ramli, wakanijibu kwa kukonyeza jicho kwamba wameelewa, nitaje basi bei ya chini ya meza. Yule jamaa wa chupa moja alikuja kunipongeza, akaniita mwenzake.

Sikumwambia mama. Alinipigia siku ileile niliyopewa cheti kuuliza kama karatasi imetoka, nikasema imetoka. Akauliza ina picha, nikasema ina picha. Nikamsikia akimwambia jirani, "Ina picha." Baada ya hapo ningesema nini? Kila wiki ilipopita ilizidi kuwa ngumu, na mimi ni mwoga kuliko nilivyokuwa nadhani.

Mwezi uliopita niliamua kwenda kumwambia. Nilijipanga tangu kwenye feri. Nitamwambia karatasi haina maana, mayu, rudi kanisani kwako, waambie unachotaka, hakuna kitakachoharibika, maana hakuna kilichopo.

Nilimkuta mzee wa kanisa ameketi kwenye stuli sebuleni, kofia gotini. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama. Alikuwa amekuja kumsaidia mama. Nasema hivyo kwa haki: alikuwa amekuja kama ndugu, na nilisikia katika sauti yake kwamba lile benchi la nyuma lilikuwa linamuuma hata yeye.

"Sema ulitunga," alimwambia mama. "Sema ulikuwa unamtafutia mtoto kibali, ukatunga ile habari ya pembe. Uongo tunausamehe Jumapili moja. Utasimama, utasema, tutaimba, utarudi mezani."

"Na karatasi yake?"

"Kanisa litamwandikia mtendaji kwamba ule ushahidi haukuwa wa kweli. Huko mbele ni yao."

"Wataichukua."

"Huenda wakaichukua."

Nilifungua kinywa. Nataka ijulikane kwamba nilikifungua.

"Huyu," mama alisema akininyooshea kidole bila kunigeukia, "alifagia kwa mtu miaka yote ile. Nilikuwa naona aibu kuwaambia anafanya nini mjini, nikawa nasema anasaidia hospitali. Sasa ana jina lake kwenye karatasi ya serikali, na picha. Mimi nina miaka mingapi iliyobaki? Nitakaa nyuma. Nyuma panasikika vizuri tu."

Mzee alivaa kofia, akasema ataendelea kumwombea, na mama akamsindikiza hadi barabarani akichechemea, kama anavyomsindikiza mgeni yeyote. Mimi nilibaki nimeketi palepale na maneno yangu yote ya kwenye feri.

Aliporudi alilala kitandani, akapandisha gauni hadi juu ya magoti. Yalikuwa yamevimba kwa baridi ya ziwa na kwa lile benchi.

"Nichome," alisema.

Nilitoa kasha. Nikainuka kwenda kufunga mlango, kwa sababu miaka yote mama alikuwa ananiambia nifunge, watu wasije wakaona wakasema mengine.

"Uache," alisema. "Unafunga nini? Si una ruhusa? Uache wazi, waone."

Nilirudi. Kwa mkono ule ambao daktari aliusifu kwa muhuri, nilichagua sindano. Nje wanawake wa kanisa walikuwa wanarudi kutoka kisimani, wakapunguza mwendo walipofika mbele ya mlango wetu. Mama aliinua kichwa kwenye mto ili wamwone vizuri usoni, akawasalimia mmoja mmoja, na mimi nikaanza na goti la kushoto.